Foleni ya Kusahihisha: Kisa cha Darasa la Pili Moja Tandahimba

Mwalimu mkuu aliniambia maneno matatu tu: "Hebu kaone kule." Sikuuliza kule ni wapi. Kelele za darasa la pili zilikuwa zinavuka uwanja, zinapita mlingoti wa bendera na kutufikia ofisini, na asubuhi ile zilimkuta ana mgeni kutoka kata. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho umeshachanganya, minada imeanza, na kijiji kizima kiko mashambani kabla jua halijatoka.

Shule yenyewe siitaji. Ipo Wilaya ya Tandahimba, Mtwara, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako maji ni ya kuhesabu ndoo na mikorosho inakuja mpaka madirishani. Mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma. Darasa lilikuwa na watoto 104 kwenye rejista. Siku niliyoingia nilihesabu 86. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima na watoto wakamiminika kuanzia Januari 2016, kwetu kiwango hicho tunakisoma kwenye karatasi tu. Naitaja idadi mapema ili niiweke pembeni. Kila tulipokaa kulijadili darasa hili, mtu alianza na idadi na kikao kikaishia hapohapo: wako wengi, tufanyeje.

Mwalimu wao alikuwa binti wa Kanda ya Ziwa, mwaka wa pili kazini. Kwetu kila mwalimu wa kike ni Madam, nami nitamwita hivyo. Alikuwa ameshaomba mara mbili ahamishiwe darasa la tano. "Mwalimu, hawa siwawezi," aliniambia tukiwa mlangoni. "Nikigeukia ubao, soko. Nikigeuka kwao, soko. Jioni sauti imekauka, sijui hata nimefundisha nini."

Nikakaa nyuma kabisa, juu ya ndoo iliyofudikizwa, na saa yangu na daftari. Kipindi kilikuwa cha hesabu, dakika 30.

Niseme ukweli ambao ulinishtua: Madam alikuwa anafundisha vizuri kuliko mimi. Alikuja na vizibo vya soda kwenye mfuko wa Rambo, akawapanga watoto wawili mbele, mmoja ana makumi, mwingine ana mamoja, na darasa zima likaona jinsi mamoja yakizidi tisa yanavyohamia kwa jirani. Watoto walitulia. Wanaokaa dirishani waliacha hata kuangalia mbuzi. Dakika ya 11 akaandika maswali matano ubaoni na kusema, "Haya, kila mtu kwenye daftari lake." Kimya. Penseli tu zinasikika. Nikajiuliza soko linalosemwa liko wapi.

Dakika ya 14 likafunguliwa. Mtoto mmoja wa dawati la pili akanyanyuka: "Madam, nimemaliza!" Akaenda mezani. Wa pili akamfuata, wa tatu, wa nne. Meza ya Madam ilikuwa palepale inapowekwa meza ya mwalimu tangu tuanze kuziona shule: mbele, katikati, chini ya ubao. Na mbele ya madawati, kati ya dawati la kwanza na meza ile, walikuwa wamekaa watoto wa sakafuni. Darasa lilikuwa na madawati 21. Ukibana watatu watatu unawakalisha wachache zaidi ya 60 walioenea, waliobaki wananing'inia pembeni au wanashuka chini. Siku ile chini walikuwa 23.

Dakika ya 17 nilimwangalia mvulana mmoja wa sakafuni, daftari liko gotini. Alikuwa amenakili "27 + 1" na tarakimu ya mwisho hajaiona, maana mbele yake pamesimama miguu. Akainamisha shingo kushoto. Miguu. Akainamisha kulia. Miguu na sketi. Akasubiri, akalamba ncha ya penseli, kisha akaishika sketi iliyo mbele yake na kuivuta. Mwenye sketi akamgeukia na kumpiga daftari la kichwa. Akapiga kelele. Jirani yake akacheka. Madam, ambaye hakuona lolote katika hayo kwa sababu alikuwa amezama kwenye daftari la mtu wa sita, akapiga meza kwa fimbo: "Kimya!"

Dakika ya 20 foleni ilikuwa na watoto 31. Haikuwa foleni tena, ilikuwa mkusanyiko wa mnadani. Waliomaliza mapema wamesharudi na tiki zao nyekundu, hawana la kufanya, wanazunguka kuonyeshana. Waliosimama wanasukumana. Waliokaa chini hawaoni ubao, kwa hiyo hawamalizi, na kwa kuwa hawamalizi wanatafuta la kufanya. Kengele ilipogongwa, wale wa sakafuni niliowakagua wengi hawakuwa wamevuka swali la pili.

Usiku nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga miaka kumi iliyopita, maana na mimi nimesahihisha hivyohivyo maisha yangu yote. Daftari moja, ukienda mbio, sekunde 20. Madaftari 86 ni zaidi ya dakika 28. Kipindi kizima ni 30. Yaani Madam alikuwa amejipa kazi ambayo hata asipofundisha neno moja isingeisha. Kila siku, kila somo.

Mwalimu mkuu alikuwa na maelezo mengine. "Darasa lile linataka fimbo, na Madam mpole." Hapa sikukubaliana naye, na nilimwambia kwa heshima kwamba fimbo imeshakuwemo mle na inapigwa mezani kutwa. Isitoshe, kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinajulikana: anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi, visizidi vinne, na inaandikwa kitabuni. Madam hakuwa na karatasi yoyote. Mkuu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa foleni unaichapa vipi?" Nilicheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko alivyolikusudia.

Kabla ya foleni kulikuwa na jambo la monita, nalo nililijua kwa bahati. Madam alikuwa na utaratibu sote tuliokua nao: akitoka, monita anaandika majina ya wapiga kelele. Niliomba orodha za wiki mbili nizisome. Majina yaliyokuwa yakijirudia ni yaleyale saba, na mmojawao ni mtoto wa nesi wa zahanati, msichana ambaye ukimwuliza jina lake unalazimika kuinama ndiyo umsikie. Mpiga kelele huyo? Nikaziangalia karatasi vizuri. Pembeni zilikuwa na alama za vidole vyeusi, masizi matupu. Nikamwita monita, tukakaa chini ya mwembe, nikamwomba anionyeshe mikono. Korosho za kuchoma. Ukimpa mbili, jina linafutwa. Ukimpa tano huandikwi wiki nzima. Wale saba ni watoto ambao kwao hakuna mikorosho: wa nesi, wa fundi cherehani, wawili wa walimu wenzetu. Wa sakafuni, wenye korosho mifukoni kila siku, hawakuandikwa hata siku moja.

Madam alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakasirika, kwa sababu mtoto wa nesi alikuwa ameshasimamishwa kona mara nne. Orodha tukaifuta siku hiyohiyo. Sikuona sababu ya kuirekebisha. Mtoto wa miaka tisa ukimpa kalamu na mamlaka juu ya wenzake 85, hapo umefungua ofisi.

Ila zile korosho mifukoni ndizo zilizonionyesha upande wa pili wa kisa. Kwa nini hasa wa sakafuni ndio wanazo? Jibu lilikuwa kwenye rejista, isipokuwa hakuna aliyekuwa akiandika saa ya kufika. Nikasimama mlangoni siku tatu. Viti vya darasa lile havikuwa na mwenyewe: anayewahi anakaa dawatini, anayechelewa anashuka chini. Wanaochelewa msimu ule ni walewale, wanaoamshwa alfajiri kuokota korosho zilizoangushwa na upepo wa usiku kabla jirani hajapita. Wengine wanaokota za wazazi, wengine, tusifichane, wanaokota za kwao wenyewe na kumuuzia mtu wa kangomba, yule anayepima kwa kopo nje ya chama cha msingi cha ushirika. Wanafika saa 2 na nusu, nguo zina umande na miguu ina mchanga. Wanakuta nafasi iliyobaki ni chini, mbele, nyuma ya miguu ya waliowahi.

Kwa hiyo msimu mzima, kuanzia Septemba mwishoni mpaka shule zifungwe Desemba, watoto 20 na kitu walikuwa wakisomea mahali pasipoonekana ubao, na mwisho wa mwaka tunawaandika kwenye upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kuwa "hawajamudu". Hapa ndipo niliposimama, na sijabadilika: darasa lile lilikuwa limepangwa, na limepangwa vizuri sana, kwa faida ya anayewahi na anayemaliza. Hakuna aliyekaa akalipanga hivyo. Lilijipanga lenyewe kwa kuwa sisi tuliliacha.

Tuliyoyabadilisha hayakugharimu fedha, au yaligharimu kidogo. Meza ya mwalimu tuliitoa mbele tukaisukuma kona ya nyuma, nyuma ya mlango, ikawa mahali pa kuwekea chaki na koti. Madam hakuwa na pa kukaa, na ndivyo tulivyotaka. Sheria ikawa moja: ukimaliza, daftari linabaki wazi, mwalimu anakuja. Tukaacha njia mbili kati ya madawati, pana za mtu mzima kupita bila kuinua kanzu. Siku ya kwanza watoto walisimama hata hivyo, wakamfuata Madam nyumanyuma kama vifaranga, foleni ikawa inatembea. Ilichukua siku nne hivi wakaacha.

Kusahihisha ndiko kulikokuwa kugumu, na ugumu haukutoka kwa watoto. Tulikubaliana asahihishe kikamilifu safu moja ya madawati kwa siku, na watoto wa sakafuni kila siku. Waliobaki wanajisahihisha kwa majibu ya ubaoni. Mwalimu mkuu akashika kichwa. "Mthibiti ubora akija akakuta daftari halina wino mwekundu, utamjibu wewe?" Madam naye alikuwa na hofu yake: mzazi hapa akitaka kujua kama mtoto anafundishwa anafunua daftari, hasomi kilichoandikwa, anatafuta wekundu. Tukalipeleka kwenye kikao chetu cha MEWAKA, yale mafunzo tunayokaa walimu wenyewe hapohapo shuleni, na mjadala ukawa mrefu kuliko wa mada iliyopangwa. Mwisho tukaandika ratiba ya kusahihisha, ikabandikwa ukutani na nakala ikakaa ndani ya andalio la somo, ili anayekuja kukagua ajue huu ni mpango, si uvivu.

Kwenye kikao hicho mwenzetu mmoja alishauri mikondo miwili, nusu asubuhi, nusu mchana. Kwa karatasi ni jibu zuri kuliko langu. Madam akamwuliza, "Nikifundisha saa moja na nusu mpaka saa kumi, maji nitachota saa ngapi?" Asiyekaa uwanda ule kiangazi atadhani ni utani. Hoja ikaishia hapo.

Penseli nazo. Wembe mmoja ulikuwa ukizunguka darasa zima na kila ncha ikivunjika mtoto mmoja anasafiri. Tukachonga penseli kumi asubuhi, tukaziweka kwenye kopo la maziwa dirishani: leta butu, chukua kali. Ijumaa ya kwanza zilibaki nne. Ya pili, sita. Sikujua kama hayo ni mafanikio, ila wembe ulitoka darasani.

Sasa sakafu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kupokezana, kila Jumatatu safu moja inashuka chini na wa chini wanapanda. Nililiona la haki na nikalitangaza bila kumuuliza mtu. Jumanne asubuhi mzee mmoja alinisubiri chini ya mwembe, kofia mkononi.

"Mwalimu, shikamoo ya kazi. Lile dawati la tatu kutoka mlangoni unalijua?"

"Nalijua, mzee."

"Nyuma lina alama ya msumeno. Nimelitoa mimi. Hamkunilazimisha, nimelitoa kwenye mkutano, kwa korosho zangu, mwaka ule bei ilipopanda. Jana mjukuu wangu kakalishwa chini, dawati langu kakalia mtoto wa mtu ambaye siku ya mkutano alikwenda kunywa pombe ya uraka."

Nilimweleza kuwa dawati likishafika shuleni ni la shule. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno hayo mngesema siku mnalipokea." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Michango ya hiari ina kumbukumbu ndefu, nasi tulipokuwa tunapokea tulipiga makofi, hatukufafanua. Ndani ya siku mbili walikuja wengine wawili. Kupokezana kukafa kabla ya wiki kuisha, na kosa nalibeba mimi: nilipaswa kuanzia kwenye kamati ya shule.

Tulichofanya badala yake sikukipenda. Tuliwahamisha watoto wa chini kutoka mbele tukawaweka ubavuni, kwenye ukuta usio na dirisha, juu ya majamvi mawili ambayo kina mama wa jirani walitupatia. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa, tukapaka rangi ya ubao urefu wa hatua tatu. Madam akawa anaandika maswali mara mbili, ubao wa juu na ubao wa chini. Mbele pakabaki wazi. Kumpa mtoto wa sakafuni ubao wake ni kama kuikubali sakafu, na nilimwambia mwalimu mkuu hivyo. Akanijibu kuwa mwaka huu tuwape kuona, madawati tutayatafuta. Alikuwa sahihi kwa mwaka huo.

La mwisho lilikuwa ratiba, na hili ndilo naona lilifanya kazi kubwa kuliko yote ingawa halionekani. Kusoma kulikuwa kipindi cha kwanza. Wachelewaji walikuwa wakikikosa kila siku, na kila walipoadhibiwa kwa kuchelewa, kesho yake hawakuja kabisa. Tukabadilishana: asubuhi ikaanza na hesabu za mdomo, nyimbo na hadithi, kusoma kukaenda kipindi cha tatu. Vitabu vidogo vya hadithi vilivyokuwa kabatini ofisini, vimefungwa visichanike, nikaviomba. Mwalimu mkuu alinipa kumi na tano huku anaviandika kimoja kimoja.

Novemba mwishoni nilirudi kwenye ndoo yangu na saa. Kazi ilitolewa dakika ya 12. Mpaka kengele nilihesabu waliosimama bila ruhusa: tisa, na watatu kati yao walikuwa wanaliendea kopo la penseli. Kelele zilikuwepo, darasa la watoto 90 halitakuwa msikiti, lakini fimbo sikuiona. Kati ya wale 23 tulioanza nao sakafuni, tisa walinisomea aya fupi bila kusaidiwa. Wanne walikuwa wameacha kuja kabisa, na wawili kati ya hao nilipofuatilia nyumbani niliambiwa wamekwenda shamba la mjomba upande wa Newala mpaka msimu uishe, kisha kuna jando Desemba. Hao kupanga darasa hakukuwagusa. Mvulana wa miguu na sketi alikuwepo, anakaa mwanzoni mwa jamvi, karibu kabisa na ubao wa chini, na tarakimu anazinakili zote. Majibu bado anakosea mawili katika matano.

Madam hakuomba tena darasa la tano. Nilipomuuliza alisema barua ya tatu alishaiandika, ila hakupata muda wa kuipeleka.

Januari watoto wale wakaingia darasa la tatu, kwa mwalimu mwingine, mtu mzima, mchapakazi, meza yake iko mbele katikati. Wiki ya kwanza haijaisha akaja ofisini kwangu amekasirika. Amewapa kazi, wamefanya, halafu wote wamekaa kimya na madaftari wazi, hakuna hata mmoja anayenyanyuka kuleta. "Watoto hawa," akasema, "nani kawafundisha uvivu?"